Wiki yangu Darasa la Nne Lindi, na mjusi niliyemtoa Berlin

Assalam aleikum, habari zenu nyote, na wakubwa wote mnaotazama shikamooni. Hapa ni jikoni kwangu, Berlin, saa tatu usiku. Mkisikia vishindo ni jirani wa juu, ana watoto wawili na hawalali mapema, msijali.

Wengi mmeniandikia, "Dada, video ya Lindi iko wapi? Ulisema unaingia darasani wiki nzima." Ni kweli niliingia. Ila leo hamtaona picha ya mtoto hata mmoja. Siku ya kwanza nilipokwenda kupiga hodi ofisini, mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, halafu akasema taratibu, "Mwanangu, kaa, tazama, saidia. Lakini watoto wa watu usiwatie kwenye simu yako." Nikaona ana haki. Kwa hiyo leo mtavumilia sura yangu, na hii kamba. Mnaiona? Ni kamba ya kuanikia nguo, ya dada yangu, nimekuja nayo kwenye begi. Ina mafundo kumi na tatu na kajisehemu kamebaki huku mwisho. Mtajua tu.

Mwezi wa nane nilikuwa nyumbani. Mipango yangu ilikuwa kula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kuvuka maji na mtumbwi mpaka Kitunda, ng'ambo ya mji, na kulala. Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa Darasa la Nne, na jioni ya kwanza tu, sijafungua hata begi, akaniambia, "Wewe si unakaa karibu na yule mjusi? Njoo uwaeleze wanangu."

Kwa ambao hamjui, na najua wapo, maana hata watu wa Lindi kwenyewe wengi wanamsikia kama hadithi: kuna kilima kinaitwa Tendaguru, huko ndani, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, wakatoa mifupa ya dinosaria, hao ndio tunaowaita mijusi, waliokufa kama miaka milioni 150 iliyopita. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zikapandishwa meli. Mkubwa wao aliungwa akasimamishwa hapa Berlin mwaka 1937, na mpaka leo yuko kwenye ukumbi wa makumbusho, kichwa juu, urefu mita 13 na sentimita 27 kutoka sakafuni. Kila mgeni akinijia kutoka nyumbani nampeleka pale. Tunasimama, tunasema "maskini mali yetu", tunapiga picha, tunarudi kula. Mimi nikajiona mtaalamu.

Najua mtaandika hapo chini: arudishwe! Hata bungeni jambo hilo limesemwa zaidi ya mara moja. Leo acheni niwasimulie darasa.

Basi Jumatatu. Saa moja kasoro watoto wako njiani, mmoja ana ufagio, mwingine dumu la maji, mwingine daftari kalificha ndani ya shati. Wanafagia uwanja mpaka mchanga unabaki na mistari kama umechanwa nywele. Kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Kisha mstarini, wimbo wa taifa, ukaguzi wa kucha, na mwalimu wa zamu anatoa matangazo. Mimi nimesimama pembeni na kitenge changu kipya, najisikia niko darasa la nne tena, na nikajikuta naficha kucha. Zina rangi.

Darasani wako 68. Dawati moja watatu, mengine wanne. "Shikamoo madamuuu!" Yaani sauti ile, jamani, hapa Ulaya hakuna kitu cha kufanana nayo.

Mimi nimejiandaa. Nina laptopu, nina projekta ndogo niliyoinunua huku kwa ajili hiyo, nina picha arobaini. Nikabandika shuka jeupe ukutani. Kwanza, plagi yangu ya Kijerumani haiingii kwenye soketi za kwetu. Nikasahau kitu ambacho nimeishi nacho miaka kumi na tano. Ikatafutwa adapta kwa fundi simu wa barabarani. Ikaja. Nikawasha. Madirisha ya darasa lile hayana pazia, jua la kusini linaingia lote, na kwenye shuka kikaonekana kivuli cha kijivu kama doa la mafuta. Watoto kwa heshima wakasema, "Tunaona, madamu." Mmoja wa mbele, mkweli, akasema, "Mimi sioni." Kabla sijajibu umeme ukakatika.

Dada yangu hakusema kitu. Alikunja shuka langu, akanirudishia, akaandika ubaoni kwa chaki: mita 13 sentimita 27. Akasema, "Kesho kila mtu aje na kitu cha kupimia."

Jumanne ndiyo siku ninayotaka kuikalia kidogo. Kipindi cha Hisabati, mada vipimo. Dada kaja na hii kamba, na rula ya mbao ya ubaoni, ile ya mita moja. Watoto wamekuja na vijiti, mikanda, mmoja na kipande cha bomba. Wakatoka nje chini ya mwembe. Wawili wanashika kamba, mmoja anaweka rula, mmoja anafunga fundo, darasa zima linahesabu kwa sauti. Moja! Mbili! Walipofika la saba wakagombana, maana aliyefunga fundo la tano alivuta kamba sana. Wakafungua, wakaanza upya. Dada amekaa kwenye jiwe, hawaamulii. Nilitaka kuingilia, akanikata jicho.

Fundo la kumi na tatu likafika, zikabaki sentimita 27. Hapo kukawa na kesi nyingine: je, rula ndogo ya sentimita 30 wanayotumia kwenye daftari inatosha au imezidi? "Imezidi tatu!" Makofi.

Kisha wakafunga ncha moja kwenye mlingoti wa bendera, wakanyoosha kamba chini. Ikapita njia ya mawe, ikapita kitalu cha mchicha, ikagota mlangoni kwa Darasa la Pili. Wale wadogo wakatoka kuchungulia kuna nini. Watoto wakanyamaza. Mmoja akainua macho juu ya mlingoti, akarudisha chini, akasema, "Sasa hii isimame?" Ndiyo, isimame. "Kichwa kiko wapi?" Huku mlangoni kwa Darasa la Pili. "Na miguu?" Mlingotini. Akapiga mluzi.

Kuna kijana anapanda minazi na babu yake. Akaiangalia kamba, akaiangalia minazi nyuma ya ofisi, akatoa hukumu: "Ule wa kushoto mrefu kumshinda. Ule wa kulia mfupi. Mjusi angekula madafu ya kulia bila kupanda." Hapo ndipo mimi, mtu mzima, niliyekwisha kusimama chini ya mjusi yule mara ishirini, nikamwona. Makumbusho pale ukumbi wenyewe ni mkubwa, dari liko juu, kila kitu kikubwa. Jicho halina cha kulinganisha. Kwenye mnazi wa kwetu halikukosea.

Wakaamua kujilaza kando ya kamba, kichwa kwa miguu, wajue mjusi ni watoto wangapi. Kumi, na wa kumi na moja ikabidi akunjwe magoti. Mashati meupe kwenye vumbi! Kesho yake asubuhi mama mmoja alikuja mpaka shuleni, shati mkononi, "Mwalimu, somo gani hili linalomaliza sabuni yangu?" Dada akampeleka kwenye mstari uliobaki mchangani, akamweleza. Yule mama akautembea mstari wote kwa hatua, toka mlingotini mpaka mlangoni, akarudi, akasema, "Haya. Lakini sabuni?"

Jumatano sina la kusema. Walikuwa na jaribio, maana mwisho wa mwaka Darasa la Nne wana upimaji wa kitaifa, na walimu wana presha. Nilisimamia, nikakaa kwenye dawati, mgongo ukauma. Uji wa saa nne ulikuwa mtamu.

Alhamisi ikaja Historia ya Tanzania na Maadili. Hapo nikapewa chaki. Nikawaeleza kwamba 1909 vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha miaka miwili tu nyuma, na kwamba waliochimba kwa mikono yao walikuwa watu wa huku huku, mamia, wengi Wamwera. Wazungu waliosimamia majina yao yako vitabuni, Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini fundi mkuu wa kuchimba na kusimamia mifupa alikuwa Boheti bin Amrani. Na mifupa haikuletwa na gari. Ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikabebwa kwa mabega na vichwa, mwendo wa siku nne, kutoka Tendaguru mpaka bandarini Lindi.

"Bandari hii hii?" Hii hii.

Dada akadaka hapo hapo, akageuza hesabu. Tukichukua mzigo mmoja ni kilo 25, yaani nusu ya mfuko wa saruji, tani moja inahitaji watu wangapi? Vichwa vikainama. Arobaini! Na tani 200? Kimya kirefu, vidole, halafu binti mmoja wa nyuma kabisa, ambaye wiki nzima sikumsikia sauti, akasema, "Elfu nane." Darasa likageuka. Dada akamwita ubaoni aonyeshe, akaonyesha. Mwenzake akasema, "Kilo 25 ndogo, bibi yangu anabeba kuni zaidi ya hizo." Akaulizwa, "Siku nne?" Akafikiri. "Siku nne hapana."

Halafu nikawaandikia majina mawili. Mwaka 2007 wataalamu walimpa mjusi mmoja wa Tendaguru jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Na 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei. Sikuwaeleza kitu, nikasema someni tu. Darasa la Nne, bwana, silabi kwa silabi: Wa-mwe-ra... "WAMWERA!" Vumbi la chaki likaruka. Cauda ni mkia kwa Kilatini, na Keranje ni Mohammadi Keranje, msimamizi mwingine wa kuchimba. Kuna mtoto Mmwera alisimama juu ya dawati akipiga kifua, akashushwa. Mmakonde wa pembeni yake akauliza kwa uchungu, "Wa Kimakonde hakuna?"

Maswali yakafunguka. Walijuaje huu mfupa wa shingo na huu wa mguu? Walikuwa wanaandika namba kila mfupa, nikajibu, na ikachukua miaka mingi kuunga. Ni mjusi mmoja yule? Si mmoja mtupu, palipokosekana pamejaziwa mifupa ya wenzake, na pengine pamefinyangwa tu. Hata kichwa kinachoonekana juu ni cha kuiga. Hapo walichukia kidogo, niliona usoni. Halafu likaja swali la kijana wa minazi: "Kwa nini hawakumuunga huku huku?"

Nikamwangalia dada. Dada akaangalia saa yake. Rimu ikagongwa.

Ijumaa kipindi kilikuwa kimoja tu cha maana, Sanaa na Michezo, kwa sababu mchana wengi wanawahi msikitini. Wamekuja na udongo wa mfinyanzi wamebeba kwenye makopo. Nilitegemea mijusi 68 inayofanana. Wapi! Wengine walifinyanga mjusi, sawa. Lakini wengi walifinyanga wabebaji. Mistari ya watu wadogo wadogo, kila mmoja na kitu kichwani. Mmoja amemtengeneza mama na mtoto mgongoni na mfupa juu. Nikamuuliza, wanawake walibeba? Akanishangaa: "Madamu, nani anabeba hapa kwetu?" Wakavipanga kwenye kibaraza vikauke, vichwa vyote vimeelekea baharini. Sikupiga picha. Hiyo ningeruhusiwa, haina sura ya mtoto, lakini simu nilikuwa nimeiacha nyumbani na wala sikuitafuta.

Siku ya kuondoka dada akanipa kamba. "Kapime, uniambie kama hawakutudanganya."

Sasa Alhamisi iliyopita nikaenda makumbusho na kamba yangu kwenye mkoba. Kupanda juu ya mjusi hairuhusiwi, hilo mnalijua. Nikampigia dada WhatsApp, kwetu saa tano asubuhi, huku saa nne. Akageuza simu, darasa lote likanisalimia kwa sauti moja, na mlinzi akaja haraka kuniomba nipunguze. Nikazungusha kamera polepole, kutoka miguuni, mbavu, shingo, juu, juu, mpaka kichwa. Nilitegemea kelele. Walikuwa kimya, wanahesabu mafundo kwa midomo tu.

Halafu yule binti wa elfu nane akasogea kwenye simu. "Madamu, geuza chini." Nikageuza. "Huku chini." Nikaonyesha sakafu, viatu vya wageni, miguu ya mjusi. Akatafuta kwa macho muda mrefu.

"Waliombeba mmewaweka wapi?"

Nikaanza kumjibu, mtandao ukakata.