Mpishi Yuko Wapi? Chakula Kwenye Vitabu na Muvi

Haya jamani, muda wenyewe mdogo, twende moja kwa moja kwenye muvi. Inaitwa Babette's Feast, ya Denmark, 1987, ilibeba Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, na hadithi yake ni ya Karen Blixen, yule mama aliyekuwa na shamba la kahawa pale Ngong. Babette amekimbia vurugu za Paris za 1871, anafanya kazi za ndani kwa dada wawili wacha Mungu, kila siku ni samaki mkavu na uji wa mkate, halafu siku moja anashinda bahati nasibu, faranga 10,000, na zote, zote kabisa, anazimaliza kwa mlo mmoja wa watu 12! Supu ya kasa, kware, mvinyo wa bei mbaya. Na wageni walishakubaliana hawatatamka neno kuhusu chakula maana wanaogopa dhambi, lakini unaona nyuso zinalegea, watu waliokuwa na vinyongo vya miaka wanasameheana palepale mezani. Babette mwenyewe hakai nao, yuko jikoni, na kamera inamfuata hukohuko, na mwisho anasema wazi kwamba yeye ni msanii mkubwa.

Sasa kabla ya Babette kulikuwa na Kamante Gatura, Mkikuyu, mpishi wa Blixen, yumo kwenye kitabu cha Blixen cha 1937, Out of Africa. Kamante hakujua kusoma, mapishi yote yako kichwani, kwa hiyo sosi anazipa majina ya mambo yaliyotokea siku aliyofundishwa, kuna sosi ya radi iliyopiga mti, kuna sosi ya farasi wa kijivu aliyekufa. Mimi naona huo ni utunzi kabisa. Chakula chenyewe cha kizungu hakukipenda, yeye na mahindi yake na viazi vitamu, na akimkaribisha mwajiri wake kipande, Blixen anamfananisha na mbwa anayekuletea mfupa. Yaani inauma kusoma hivyo, mtu anakulisha halafu unamwandika hivyo. Babette alipewa nafasi ya kujisemea, Kamante ikabidi asubiri mpaka 1975 ndio masimulizi yake mwenyewe yakatoka kitabuni.

Kwa hiyo kwenye maswali mimi nianze na langu: kwenye riwaya zetu za Kiswahili mlizosoma, ni mpishi gani mnamkumbuka kwa jina, na je, aliwahi kupewa hata sentensi moja ya kusema alichopika?