Si Kila Mauser ni ya Mjerumani

Wazee wetu, shikamooni. Vijana sogeeni mbele, huko nyuma hamtaiona picha vizuri.

Bunduki hii ilishasalimishwa polisi, tumebaki na picha zake. Wenyewe, watu wa Ukerewe, wamesema miaka yote kwamba ni ya Mjerumani na ilipigana hapa Mwanza. Ubavuni ina jina la kiwanda cha Berlin. Sasa tubishe nini? Tubishe, kwa sababu kiwanda kile, DWM, kiliuza silaha hadi Brazili na Argentina.

Anzeni na mdomo wa mtutu. Askari wengi wa Mjerumani waliingia vita ya 1914 na bunduki aina ya Mauser ya 1871, risasi ya milimita 11, baruti ya moshi. Ukifyatua mara moja tu, wingu linakuchongea kwa adui. Hii yetu hata penseli ya kawaida inagoma kuingia: ni milimita 6.5. Jeshi la Mjerumani halikuwa na bunduki yake ya kipimo hicho.

Tazameni komeo, kile chuma cha kufunga na kufungua nyuma ya risasi. Kwenye Mauser ya 1898, mkono wa komeo ukifungwa hukaa nyuma ya kile chuma kinachopita juu yake. Hapa umekaa mbele, na chuma chenyewe kimepasuliwa katikati ili mkono upite. Na juu ya chemba, pale risasi inapokaa, ndani ya kutu, kuna taji na herufi C na I zimesukwa pamoja: Carlos wa Kwanza, mfalme wa Ureno, aliyeuawa Lisbon mwaka 1908. Hii ni Mauser-Vergueiro ya 1904, bunduki ya jeshi la Ureno. Mtu alishaanza kupiga msasa palepale! Jamani, acheni kutu ilivyo. Alama ikishasuguliwa hairudi.

Mreno na Nyanza wapi na wapi? Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku kwetu, alivuka Ruvuma, akaipiga kambi ya Wareno pale Ngomano, Msumbiji, askari wake wakajitwalia bunduki na risasi. Waliposalimu amri mwaka uliofuata kule Abercorn, sasa Mbala, Zambia, walikabidhi bunduki za Wareno na Waingereza.

Kwa hiyo askari wa Mjerumani huenda kweli aliibeba. Ila kupigana hapa mjini, hilo nalikataa: Waingereza waliitwaa Mwanza Julai 1916, na wakati huo bunduki za Ngomano zilikuwa bado mikononi mwa Wareno. Nani aliileta Ukerewe? Mzee wangu wa mstari wa kwanza ananyoosha mkono tangu nianze. Mpeni kipaza sauti.