Esposito, jina lililoanzia kwenye tundu la ukuta

Maiki inasikika huko nyuma? Haya. Kuna yule mwigizaji Giancarlo Esposito, anayependa kuigiza wale wabaya watulivu, hapandishi sauti lakini unamwogopa, mama yake Mmarekani mweusi, baba Mtaliano wa Napoli, kazaliwa Copenhagen 1958. Leo tunalifuata hilo jina la baba. Na kwanza tulitamke vizuri, EsPOsito, mkazo kwenye po, maana sisi Waswahili ulimi unatukimbilia silabi ya pili kutoka mwisho tunasema Esposíto, siyo.

Asili yake ni Kilatini, expositus, yaani aliyewekwa nje. Mtoto aliyeachwa.

Pale Napoli kuna nyumba inaitwa Annunziata, ilikuwa inapokea vichanga, na ukutani palikuwa na kitu wanakiita ruota, gurudumu, ila msifikirie gurudumu la baiskeli, hili ni kama pipa la mbao limesimama wima, upande mmoja wazi, linazunguka. Mama anakuja usiku, anamlaza mtoto mle, anasukuma, ule upande wazi unahamia ndani, mlezi anampokea, na hakuna aliyemwona mwenzake sura. Ndani kuna karani na daftari lake, anaandika kaja siku gani, saa ngapi, kavaa nini. Kuna watoto walikutwa na nusu medali, kipande kingine kabaki nacho mama, ili siku mambo yakikaa sawa arudi aseme huyu wangu, vipande viunganishwe. Kwa hiyo mtu akiniambia wale mama hawakuwa na huruma, mimi namuonyesha hiyo nusu medali.

Sasa ubini hakuna, wataandika nini? Esposito. Kesho kaja mwingine, Esposito. Hata sisi tuna kina Shida na Tabu na Chausiku, mtoto anapewa jina la hali aliyozaliwa nayo, lakini hilo ni lake mwenyewe, hili la Napoli likawa la ukoo, anamwachia mwanae na mjukuu, na kila anayelisikia anajua mlikotokea.

Ndo Joachim Murat, shemeji yake Napoleon aliyekuwa mfalme pale, akapiga marufuku mwaka 1814, watoto wapewe majina tofauti tofauti. Gurudumu lenyewe likaja kufungwa 1875. Ila wenye jina walishazaa siku nyingi, na leo Esposito liko kati ya majina kumi ya juu Italia nzima, Napoli ndo nyumbani kwake.

Miji mingine ilikuwa na yake. Milano walipewa Colombo, njiwa, Firenze Innocenti, wasio na hatia, kutokana na hospitali ya watoto walioachwa yenye jina hilo iliyofunguliwa 1445, Roma wakawa Proietti, waliotupwa, ambalo kwa kweli ni kali kuliko yote. Ninalolipenda mimi ni Diotallevi, Mungu akulee. Huyo karani alikuwa na moyo.

Kuna dada kaandika swali hapa, je kina Esposito wote ni ndugu? Hapana dada, ndo jina la watu wasiohusiana kabisa, kila mmoja kaingia kwa zamu yake kwenye lile pipa. Esposito anaoa Esposito pale Napoli na harusi inaliwa, wala hakuna anayeuliza undugu.