Nyama Iliyokosa Wanunuzi: Jinsi Ukristo Ulivyoingia kwa Warumi Kabla ya Konstantino

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kukaribishwa. Tarehe mnazijua: 312, Konstantino anashinda vita vya daraja la Milvio na kuitwaa Roma; 313, tamko la Milano linaruhusu Ukristo; 380, amri ya Kaizari Theodosius inaufanya dini ya dola. Sitazieleza zaidi ya hapo, maana ndizo zinazotuharibia somo. Ukimuuliza mtu Warumi waliupataje Ukristo, anakujibu kwa neno moja: Konstantino, yaani Kaizari huyo. Na mimi nasema tena, kama nilivyosema mara nyingi: Konstantino alifika chakula kikiwa kimeshaiva. Pale Dura-Europos, mji wa kale ukingoni mwa mto Frati, Syria ya leo, wachimbaji walifukua nyumba ya kawaida ya kuishi ambayo ukuta wake mmoja ulibomolewa ili vyumba viwili viwe ukumbi wa ibada, na chumba kingine kikajengewa birika la ubatizo. Mji huo ulianguka mikononi mwa Waajemi mwaka 256. Konstantino alikuwa hajazaliwa.

Kwa hiyo tuanze na nyama.

Mwaka 112 hivi, Plinius, liwali wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaizari Traianus kuomba mwongozo. Wakristo walikuwa wameshtakiwa mbele yake, naye hakujua utaratibu. Akaeleza alivyofanya. Mshtakiwa anaulizwa, "Wewe ni Mkristo?" Akikubali, anaulizwa mara ya pili na ya tatu, huku akitishiwa adhabu. Akishikilia, anauawa; akiwa na uraia wa Kirumi, anapelekwa Roma. Anayekana anajaribiwa: aiombe miungu, afukize uvumba na kumimina divai mbele ya sanamu ya Kaizari, kisha amlaani Kristo. Plinius alikuwa ameambiwa kwamba Mkristo wa kweli hawezi kulazimishwa kufanya hata moja kati ya hayo.

Waliokuwa wameiacha imani ndiyo waliomsimulia kilichokuwa kikifanyika. Walikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kwa kupokezana kana kwamba ni mungu, wakala kiapo. Kiapo cha nini? Kutoiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja ahadi, kutoikana amana mtu anapokuja kudai alichoweka kwako. Wakatawanyika, wakakutana tena kula chakula cha kawaida. Plinius hakuridhika. Akawatesa wajakazi wawili waliokuwa wakiitwa wahudumu wa kanisa, wala hakupata zaidi ya hayo. Sikilizeni vizuri hapo: liwali wa Roma anataka kujua kanisa lina nini ndani, na watu anaowatafuta ni wanawake wawili watumwa. Ndio waliokuwa na dhamana.

Sasa nyama. Mwishoni mwa barua Plinius anasema mambo yameanza kutengemaa: mahekalu yaliyokuwa karibu kuachwa matupu yanaingiwa tena, na nyama ya kafara, ambayo mpaka juzi ilikuwa haipati mnunuzi ila wa nadra sana, inauzika. Mnyama wa kafara hakuwa wa miungu peke yake. Sehemu iliteketezwa, sehemu wakala makuhani na waalikwa, nyingine ikaenda sokoni. Ndiyo maana Paulo alilazimika kuwaandikia Wakorintho juu ya nyama inayouzwa huko. Mtu asiponunua, mchinjaji anapata hasara, mfugaji anapata hasara, na muuza malisho pia. Huko Efeso, Demetrio, mfua fedha aliyetengeneza vihekalu vya fedha vya mungu Artemi, alipiga kelele kwa sababu hiyohiyo: biashara. Pengine ndiyo maana mashtaka yalimfikia liwali: mifuko ya watu ilikuwa imeguswa.

Najua atakayenyanyuka kusema liwali anatia chumvi ili aonekane amefanya kazi. Huenda. Lakini katika barua hiyohiyo anataja watu walioacha Ukristo miaka 20 nyuma. Jambo hilo halimpi sifa yoyote, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kulibuni. Linatuonyesha mambo mawili: kwamba imani ilikuwa imefika kule kabla ya mwaka 100, na kwamba watu walikuwa wakiingia na kutoka. Ndoo ilikuwa inavuja, na bado maji yalipanda. Anasema pia kwamba "maambukizi" hayo, kwa neno lake, yamefika vijijini na mashambani, si mijini tu.

Na kwa nini kukutana tu kulikuwa kosa? Plinius huyohuyo aliwahi kuomba ruhusa ya kuunda kikosi cha wazima moto Nikomedia, watu wasiozidi 150. Traianus akakataa: watu wakikusanyika kwa jina lolote, baada ya muda wanageuka chama cha siasa. Ikiwa wazima moto wananyimwa, waimba zaburi alfajiri watapewa?

Basi ilifikaje vijijini? Hapa ndipo tunapopotea, tunatafuta wahubiri wa uwanjani. Msomeni adui. Celsus, mpinzani wa Ukristo aliyeandika mnamo mwaka 178, analalamika kwamba wasokota sufu, washona viatu na madobi, watu wasiothubutu kufungua kinywa mbele ya mabwana zao, wanawavuta watoto na wanawake pembeni, wanawaambia wawafuate karakanani ndipo wajue ukweli. Anadhani anawatukana, kumbe anatuchorea ramani. Karakana ina benchi, ina kazi ya mikono, ina saa nyingi za mazungumzo, na mteja ana sababu halali ya kuingia. Priska na Akila walikuwa washona mahema, na kanisa likakutana nyumbani mwao. Fungueni Warumi 16: Fibi wa Kenkrea ndiye anayetambulishwa kwa wenyeji kule mwanzoni, Tertio ndiye aliyeshika kalamu, na salamu zinakwenda kwa walio "wa nyumbani mwa Narkiso", yaani watu wa chini ya paa la bwana ambaye mwenyewe hasalimiwi.

Wengine wanasema kwa njia hiyo haiwezekani kufikia mamilioni bila muujiza au upanga. Chukueni kalamu. Jamaa ya watu 50 inayoongezeka kwa asilimia 40 katika miaka 10 imepata watu 20, yaani 2 kwa mwaka: mke wa jirani na mwanafunzi wa fundi. Anza na watu 1,000 mwaka 40, kasi isibadilike, na mwaka 300 unazidi milioni 6. Hiyo ni hesabu tu, si sensa, na hakuna kasi isiyobadilika. Inatosha kuonyesha kwamba karakana ingeweza.

Naona muda unakwisha, na nilitaka kusema mengi juu ya fedha. Kwa ufupi: Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Kartago, anaeleza sanduku la michango, kila mtu mara moja kwa mwezi, kwa hiari, kwa ajili ya kulisha na kuzika maskini, mayatima, watumwa wazee, waliovunjikiwa meli na waliofungwa migodini. Mwaka 251 Askofu Korneli wa Roma alihesabu mapadre 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 wanaotunzwa na kanisa. Hiyo ni mwaka mmoja tu baada ya Kaizari Decius kuamuru kila mtu atoe kafara na kupewa hati ya kuthibitisha hilo. Hati hizo za mafunjo zimepatikana Misri: jina, kijiji, "nimemimina, nimeonja kafara," sahihi ya wakaguzi. Wakristo wengi walizichukua, wengine kwa kuzinunua, na kanisa likagawanyika juu ya namna ya kuwarudisha. Hilo lina mhadhara wake.

Nimalizie na Afrika. Kanisa la Roma lilisali kwa Kigiriki muda mrefu. Maandishi ya kale kabisa ya Wakristo kwa Kilatini tuliyo nayo ni kumbukumbu ya kesi iliyosikilizwa Kartago, Tunisia ya leo, tarehe 17 Julai 180. Washtakiwa ni 12, wanawake kwa wanaume, kutoka mahali padogo paitwapo Scilli. Wanapewa siku 30 wafikiri, wanakataa. Kabla ya hukumu, liwali Saturninus anamwuliza mmoja wao, Speratus, ana nini ndani ya sanduku lake. Speratus anajibu: vitabu, na barua za Paulo, mtu mwenye haki.

Maswali, tafadhali.