Bolti Haianguki Peke Yake: Mhadhara Juu ya Kutundika Spika Nzito Darini

Assalaam aleikum. Na wengine wote, hamjambo. Waliochelewa wasogee mbele, viti vipo.

Kila nikiulizwa kuhusu kutundika spika darini, swali huwa lile lile: "Fundi, nitumie bolti namba ngapi?" Nami humuuliza mtu, dari yako imejengwa kwa kitu gani? Bolti ya kutanuka, ile inayopanuka ndani ya tundu ukiikaza, ya milimita 8, ikishika kwenye zege zima na ikakazwa sawasawa, hubeba zaidi ya kilo 200. Spika ya nyumbani, hata ile kubwa ya kusimama, ni nadra kupita kilo 30. Kwa hivyo bolti haikatiki. Hutoka nzima nzima, na kipande cha dari kimeing'ang'ania. Ndiyo maana leo nitazungumza zaidi juu ya dari kuliko juu ya vyuma, na atakayeudhika anisamehe.

Tuanze na gorofa, maana huko ndiko wengi tunakoishi siku hizi. Slabu ya zege zima, yenye nondo, ni neema. Taabu iko kwenye ile slabu ya matofali matupu. Mnaijua: wajenzi hupanga mbavu za zege, kati ya mbavu wakaweka matofali yenye matundu, kisha juu wakamwaga zege jembamba la sentimita 5 hadi 7 hivi. Ni ujenzi mzuri, mwepesi, na sina ugomvi nao. Lakini kwa chini ikishapigwa plasta na rangi huwezi kuitofautisha kwa macho. Ukitoboa penye ubavu, una zege. Ukisogea kiganja kimoja tu, una ganda la tofali lisilofika hata sentimita 3, na nyuma yake hewa.

Utajuaje? Chukua drili na toboa kwanza kitundu kidogo cha milimita 6. Sikiliza na uhisi mkono. Drili ikienda kwa ukaidi na vumbi likatoka la kijivu, endelea. Ikizama ghafla hadi bega likasukumwa mbele, simama hapo hapo, umeingia tunduni. Bolti ya kutanuka ukiikaza ndani ya ganda hilo, inafanya kazi iliyoumbiwa, yaani inatanuka, na ganda linapasuka. Wengine wakiona bolti inazunguka bure huongeza kiplastiki, yaani fisha kubwa zaidi, na njiti za kiberiti juu yake. Mimi hilo nimeliona kwa macho yangu kwenye nyumba ya watu wenye uwezo.

Mbavu hukaa kwa nafasi sawa na hufuata upande mmoja. Ukishapata mbili, vuta kamba, utazipata zote. Na spika yako ikiangukia katikati ya mbavu mbili, usilazimishe. Funga chuma cha anglaini, kile chenye umbo la L, kutoka ubavu hadi ubavu, kisha tundika kwenye hicho chuma. Ndani ya ubavu, kwa chini, zimo nondo. Drili ikigonga nondo, sogea sentimita chache, usiikate. Hizo nondo ndizo zinazoshikilia nyumba ya jirani yako wa juu. Na kabla ya yote, zima stima kwenye swichi kuu, kwa sababu mabomba ya waya hupita humo humo kuelekea kwenye taa.

Naam, mama? ... Anauliza kuhusu kulabu ya feni. Swali zuri, na nilijua litakuja. Feni ya dari ya inchi 56 ina kilo 5 au 6. Kulabu yake, nyumba ikiwa imejengwa na mtu mwenye kujali, imefungwa kwenye nondo kabla zege halijamwagwa. Nyumba ikiwa imejengwa na yule mwingine, Mungu ndiye anayejua. Hata ikiwa nzuri, huijui ilivyo ndani baada ya miaka 20 ya hewa ya bahari. Mimi siitundikii kitu chochote zaidi ya feni yake.

Dari za jipsamu nitazipita haraka, maana hazina mjadala. Lile bodi lina unene wa milimita 12 na nusu, na limeshikwa na vijichuma vyembamba vilivyoning'inizwa kwa waya. Ni pambo. Linajibeba lenyewe na taa zake ndogo. Spika nzito lazima ipite ndani ya jipsamu, kwa fimbo ya chuma yenye uzi, hadi kwenye slabu halisi iliyoko juu. Nyumba za mabati nazo, tafuta mbao za kenchi, usitegemee vijimbao vya inchi mbili kwa mbili vilivyoshika bodi. Panda juu, laza ubao wa nne kwa mbili ukivuka kenchi mbili au tatu, na utundike hapo, mzigo ugawanyike.

Mji wa Kale hapa Mombasa ni habari nyingine, na hapo nataka tukae kidogo. Zile nyumba za matumbawe na chokaa, dari yake ni boriti za mkoko. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, mita 2 na nusu, pengine 3. Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, kisha chokaa, tabaka nene lenye uzito wake. Sasa kijana anakuja na drili ya nyundo na bolti ya kutanuka, anatoboa katikati ya boriti mbili. Chokaa ni laini, haikuumbwa kutanuliwa kwa ndani. Inameguka, na pamoja nayo linashuka jiwe ambalo limekaa salama tangu enzi za babu wa babu yake. Kama ni lazima, zungusha ukanda wa chuma kwenye boriti zenyewe, mbili au zaidi, bila kutoboa kitu. Lakini kwanza chukua bisibisi, panda ngazi, na udunge boriti pale inapoingia ukutani. Mchwa na unyevu huanza hapo. Katikati boriti hulia kama chuma, kule mwisho bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Boriti ya namna hiyo inahitaji fundi seremala, na spika ibaki chini.

Sasa chumvi. Mtu aliyejifunza kazi hii Nairobi akija huku Mombasa hushangaa. Bolti nyingi madukani zimepakwa zinki kwa umeme, tabaka la maikroni 5 hivi, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Zinang'aa, zinavutia. Kwa mtu wa Nyali au Likoni anayefungua madirisha kaskazi na kusi, tabaka hilo halina umri. Zinki ya kuchovya, bolti ikizamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa, ni nene mara nane au tisa, ina rangi ya kijivu isiyopendeza, na ndiyo unayoitaka. Bora zaidi ni chuma kisichoshika kutu, na hapo tazama kichwa cha bolti. Ikiandikwa A2, ni ya kawaida. Ikiandikwa A4, imeongezewa molibdeni, asilimia 2 au 3, na huvumilia chumvi zaidi. Ukikosa maandishi yoyote, muuzaji akaapa kwa jina la mama yake, ni juu yako. Na nati za chuma hicho zipake grisi kidogo kabla ya kukaza, zina tabia ya kung'atana na zisifunguke tena.

Chumvi haili bolti peke yake. Inapenya zege ikafikia nondo, nondo ikashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Ndipo unapoona dari imevimba, ina mstari wa rangi ya kahawia, vipande vinadondoka. Mahali pa namna hiyo gonga kwa mpini wa nyundo. Ikijibu kwa sauti ya utupu, usitundike hata saa ya ukutani.

Wenye mabwawa ya kuogelea ya ndani wanisikilize pia. Mwaka 1985, katika mji wa Uster huko Uswisi, dari ya zege ya ukumbi wa kuogelea ilianguka na kuua watu 12. Ilikuwa imeshikwa na vyuma visivyoshika kutu. Klorini ya hewani ilivila kimya kimya kwa nyufa ambazo jicho halioni.

Na gundi? Najua mnaipenda, ile ya kudungwa kwenye tundu kisha ukatia fimbo. Ni nzuri, lakini ina masharti. Tarehe 10 Julai 2006 mjini Boston, Marekani, paneli za zege za dari ya njia ya chini ya ardhi zilianguka juu ya gari na abiria akafa. Wachunguzi walikuta kwamba fimbo zilishikwa kwa gundi ya kukauka haraka, ambayo ikivutwa bila kupumzika hunyumbuka taratibu, leo kidogo, kesho kidogo. Ukijaribu siku ya kwanza inashika barabara. Spika iliyotundikwa inavuta usiku na mchana, na haina Ijumaa. Kwa hiyo kwenye dari mimi hutumia bolti ya chuma mahali panapoikubali, na gundi ile tu ambayo mtengenezaji ameandika inafaa mzigo wa kudumu juu ya kichwa. Tundu lisafishwe vumbi, lipulizwe, lisuguliwe brashi, lipulizwe tena. Gundi iliyoshika vumbi haijashika dari.

Wazee waliofanya kazi bandarini Kilindini wanaijua hii inayofuata kuliko mimi, kwa sababu ya slingi, zile kamba za kuinulia mizigo. Spika ya kilo 20 ukiitundika kwa waya mbili zilizonyooka wima, kila waya inabeba kilo 10. Zipanue mpaka pembe kati yao ifike nyuzi 90, kila moja inabeba 14. Nyuzi 120, kila moja inabeba 20, yaani uzito wote. Wapo wanaopenda kuzivuta mpaka karibu zilale, ati spika isicheze. Kwenye nyuzi 150 kila waya inavutwa kwa karibu kilo 39, na bolti inavutwa upande, jambo ambalo bolti ya jicho, ile yenye pete kichwani, hailipendi hata kidogo. Spika isicheze? Tumia fremu ya chuma, si waya.

Kasha lenyewe nalo likaguliwe. Mengi ni ya ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, na skrubu iliyoingizwa pembeni mwa ubao huo hutoka na unga wake, hasa ukishakunywa unyevu wetu. Kama mtengenezaji hakuweka nati za kutundikia, usizibuni. Tengenezewa kitanda cha chuma, spika ikae ndani yake, imefungwa kwa mkanda.

Halafu waya wa akiba, kwenye bolti yake peke yake, si ile ile iliyobeba. Na uwe mfupi. Spika ya kilo 20 ikianguka sentimita 30 kisha waya ukaizuia ndani ya sentimita 1, waya huo umepigwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 600. Waya mrefu unaoning'inia kwa raha ni mapambo tu.

Kupima ni rahisi, tena kwa vitu tulivyo navyo. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Spika ikiwa ya kilo 20, ning'iniza mitungi miwili, karibu na sakafu, godoro chini yake. Piga alama ya kalamu kwenye shina la bolti, pale inapoingia darini. Iache usiku na mchana. Alama ikishuka hata kwa unene wa ukucha, toa, tafuta mahali pengine. Hiyo ni kupima tu; wakati wa kuchagua vyuma, watu wa majukwaa ya maonyesho, kwa kitu kinachokaa juu ya vichwa vya watu, huhesabu nguvu mara kumi ya mzigo, nami sioni kwa nini sebule yenye watoto ipewe pungufu.

Nimeambiwa zimebaki dakika tano. Sauti, basi. Spika kubwa ikigusana na dari, besi hufura na kuvuma, maana dari inairudisha. Ishushe, iinamishe ielekee masikioni, na wengi huigeuza juu chini ili ile spika ndogo ya sauti nyembamba iwe karibu na msikilizaji. Lakini kwa hizi sinema za nyumbani zenye sauti ya kutoka juu ya kichwa, ambazo majumbani ziliingia mwaka 2014, spika za darini hazihitaji kuwa kubwa. Besi chini ya hezi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, hupelekwa kwenye wufa, ile spika ya besi peke yake, na wufa inakaa sakafuni. Ya kilo 5 inatosha. Na anayetaka kusikiliza tarabu ya Juma Bhalo kama inavyostahili, mbona aitundike hewani? Yule mzee haimbii feni.

Swali la mwisho, kijana wa fulana ya bluu. ... Anasema amepanga Kisauni, dari ni ya matofali matupu, spika ni za kilo 28 kila moja, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya drili. Mwanangu, mwenye nyumba amekuokoa na gharama. Chomelea stendi mbili za bomba la mraba, miguu mipana, ujaze mchanga mkavu ndani ya bomba ili zisipige kelele wala kuyumba, kisha funga spika kwa mkanda ili mtoto asizivute. Mchanga wa mto, usichote ufuoni. Ule wa ufuo una chumvi, utakula bomba kwa ndani.