Conrad alitua Uingereza hajui Kiingereza

Asanteni sana, naombeni tusogee mbele kidogo maana sauti yangu leo haitafika huko nyuma. Nimeambiwa niongee na nyie mnaojiandaa kwenda kusoma au kufanya kazi nchi za watu wanaoongea Kiingereza, na najua wengine mmeshaishi huko mmerudi likizo tu. Nimewaza sana nianzie wapi nikaona nisianze na sarufi, nianze na baharia.

Huyu baharia dunia inamjua kama Joseph Conrad, mwandishi mkubwa wa Kiingereza, lakini jina la nyumbani ni Korzeniowski. Mpolandi, kazaliwa 1857 Berdychiv ambayo sa hivi iko Ukraine, enzi hizo ilikuwa chini ya Urusi. Baba yake alikuwa mshairi na mfasiri, mzalendo pia, Warusi wakamkamata wakampeleka uhamishoni na mke wake na mtoto. Mama kafariki 1865, baba kafariki 1869, mtoto yatima wa miaka 11 analelewa na mjomba. Akiwa na miaka 16 kaondoka zake kwenda Marseille kuwa baharia kwenye meli za Wafaransa. Kwa hiyo kapata Kifaransa kwanza, na Kifaransa chake kilikuwa kizuri kweli. Kiingereza ni lugha yake ya tatu jamani, na alianza kukijifunza ana miaka 20.

Sasa hapa ndo pananigusa mimi. Kwenye kumbukumbu zake alizoandika mwenyewe anaeleza mara ya kwanza kabisa mtu kumsemesha kwa Kiingereza. Yuko Marseille, yuko ndani ya kile kimtumbwi cha marubani wanaoongoza meli kuingia bandarini, wamesogea ubavuni mwa meli kubwa ya Waingereza inaitwa James Westoll, mara sauti nzito ya kukwaruza inatoka juu ya kichwa chake, "Angalia hapo!", na kamba inashuka. Basi. Hakuna salamu wala mwalimu aliyesema tufungue ukurasa wa kwanza, ni onyo na kamba inakuja, usipoelewa inakuchapa usoni.

Mimi nilipofika ugenini kazi yangu ya kwanza ilikuwa ghalani, zamu ya usiku. Wiki ya kwanza mtu alipiga kelele nyuma yangu, neno fupi tu, mi nikadhani ananisalimia nikageuka taratibu kumjibu, kumbe ananiambia pisha, na kigari chenye mzigo kilipita kikanikwangua goti. Nilikuwa nimesoma Kiingereza miaka mingi darasani na nimefaulu vizuri tu. Ila lile neno sijawahi kulisahau mpaka leo, na hata sauti ya yule mtu bado ninayo, alivyolivuta mwanzoni akalikata mwishoni. Maneno mangapi ya darasani nayakumbuka hivyo? Machache sana.

Turudi kwa Conrad. Juni 1878 anashuka Lowestoft, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uingereza, hana rafiki hana ndugu. Anapata kazi kwenye merikebu ya makaa ya mawe inayoenda Newcastle na kurudi, Newcastle na kurudi, miezi miwili na ushei. Baadaye alimwandikia rafiki yake kwamba pale ndo alianza kujifunza Kiingereza, kwa wale mabaharia wa pwani ya mashariki, wanaume walioumbwa kama vile hawatakufa. Ukichunguza utaona aliyoyapata pale. Watu wachache, wale wale kila siku, kazi ile ile kila siku, kwa hiyo maneno yanajirudia yenyewe, vuta, legeza, funga, shika, na kila neno lina kitu mkononi. Hamna mtu mwingine wa kuongea naye Kipolandi hata angetaka.

Hapo ndo nataka niseme kitu na naombeni msinichukie. Wengi wetu tukifika huko tunapanga chumba na watu wa kwetu, tunakula na watu wa kwetu, wikiendi tuko na watu wa kwetu, na simu nzima ni magrupu ya nyumbani. Sisemi muwakimbie ndugu zenu, upweke unaua na nimeona watu wameumia. Ila tafuta sehemu moja kwenye wiki yako, kazi, timu ya mpira, kwaya, kujitolea popote, ambapo watu ni wale wale na wewe peke yako ndo huijui lugha, na usipoelewa kitu kitaharibika. Darasa pekee halitoshi maana darasani ukikosea hakuna kinachoanguka.

Halafu watu wanadhani huyu bwana aliokota lugha kwa masikio tu, hapana, alisoma kama mwehu. Anasema alianza kwa kusoma gazeti. Akanunua tamthilia zote za Shakespeare kwenye kitabu kimoja, shilingi 5, akawa anasoma Falmouth wakati meli yao iko chelezoni inatengenezwa, na mafundi wanakalafati, yaani wanaziba nyufa za sitaha, kwa nyundo, kelele mtindo mmoja. Hebu jione hapo. Hakusubiri apate chumba kimya na meza na taa nzuri. Na Shakespeare alishamjua toka utotoni, kwa Kipolandi, kupitia tafsiri ya baba yake, Dickens pia alimsoma kwanza kwa Kipolandi. Ndo maana nawaambia kama kuna kitabu unakipenda kwa Kiswahili na kipo kwa Kiingereza kitafute hicho hicho, hadithi unaijua tayari, unabaki kupambana na maneno tu.

Mitihani sasa. 1880, hata miaka miwili haijaisha toka Lowestoft, kaingia London kufanya mtihani wa afisa wa pili wa meli, wa kuulizwa kwa mdomo. Mtahini kamkalisha karibu masaa matatu. Anatoka nje mlinzi wa mlango anamwambia nilifikiri hutoki tena, haijawahi kutokea. Akafaulu. Mtihani uliofuata akafeli mara ya kwanza akarudia, wa unahodha nao 1886 akafeli mara ya kwanza akarudia akapata, mwaka huo huo na uraia wa Uingereza akapata. Mnaorudia mitihani ya lugha ya kuombea chuo, nahodha Conrad alirudia miwili.

Lafudhi je? Haikuondoka mpaka anakufa 1924. Na kuna jambo Edward Garnett alilisimulia, huyu alikuwa msomaji wa miswada kwa mchapishaji wake. Siku moja Conrad anamsomea kazi yake kwa sauti, Garnett hamfuati vizuri maana maneno mengi anayatamka vibaya, kuja kugundua kumbe hayo maneno Conrad hajawahi kuyasikia kwa mtu, kayakuta vitabuni tu. Mnaelewa? Mtu ambaye ameshachapisha riwaya kwa Kiingereza, ya kwanza ilitoka 1895 ana miaka 37. Mimi napenda sana hiki kisa kwa sababu kuna wanafunzi wangu wanakaa kimya semina nzima, wana hoja kabisa, wanaogopa tu namna watakavyolitamka neno moja.

Niweke wazi, sisemi tumchukue kila kitu. Alichoandika kuhusu Afrika baada ya safari yake ya Kongo 1890, Chinua Achebe, yule mwandishi wa Nigeria, alikikosoa vikali sana kwenye mhadhara wa 1975, na mimi niko upande wa Achebe. Ila Achebe mwenyewe alifanya hiyo kazi kwa Kiingereza, na Kiigbo chake, lugha ya kwao, hakukitupa. Hata Conrad, mjomba wake alikuwa anamhimiza aandike Kipolandi kisimpotee.

La mwisho. Mei 1923, ana miaka 65, yuko New York, anasomea wageni waalikwa nyumbani kwa mtu, riwaya yake mwenyewe, kwa lafudhi ile ile nzito. Alimwandikia mke wake kwamba watu walitulia, walicheka mahali, na alipofika kwenye kifo cha yule dada wa kwenye hadithi akasikia watu wanavuta makamasi.

Haya, maswali. Dada wa pale nyuma naona umenyoosha mkono toka mwanzo, karibu, na kama unataka kuuliza kwa Kiingereza uliza, hicho hicho ulichonacho.