Printa Rahisi, Wino Ghali

KHAMIS: Assalamu alaykum wasikilizaji. Leo Bi Zuwena kaja studioni na chupa ya juisi, na kanikataza kuinywa.

ZUWENA: Waalaykumu salaam. Usome kwanza. Hiyo lebo inasemaje?

KHAMIS: "Juisi ya Ukwaju." Maandishi yapo. Lakini hii picha imekuwaje? Kama mtoto kamwagia chai.

ZUWENA: Barafu hiyo. Lebo nilichapa nyumbani kwa ile printa yangu ndogo ya rangi, zikapendeza kweli. Asubuhi nikazitia chupa kwenye deli. Kufika Darajani saa sita, ukwaju wote umechuruzika. Herufi zimesimama, picha imekwenda na maji.

KHAMIS: Mbona nyeusi haikuchuruzika?

ZUWENA: Kwenye printa nyingi za bei ya chini, wino mweusi una chembechembe zinazoganda juu ya karatasi. Zile rangi nyengine zimeyeyushwa tu, kama ukili uliotiwa rangi usichemke vizuri. Ukikalia mkeka na kanzu iliyolowa, unaondoka na mistari.

KHAMIS: Basi kwa biashara haifai.

ZUWENA: Sikusema hivyo, mdogo wangu. Achari yangu haiingii kwenye barafu, na lebo zake zinakaa miezi. Na kazi za skuli? Mtoto anakumbuka saa nne za usiku kwamba kesho anatakiwa apeleke ramani ya Pemba ya rangi. Steshenari gani ya kuchapisha iko wazi saa hiyo? Tena printa yenyewe juu ina skana, kopi za vitambulisho natoa hapohapo sebuleni.

KHAMIS: Mie nilinunua kwa sababu ilikuwa rahisi. Nilipokwenda kununua wino ndipo nikakaa chini. Katriji mbili, vile vikasha vya wino, nyeusi na ya rangi, zilikaribia bei ya printa yenyewe!

ZUWENA: Kwenye wino ndiko wanakopata faida yao. Na zile katriji zinazokuja ndani ya boksi, mara nyingi hazikujazwa kama za kununua.

KHAMIS: Lakini boksi limeandika kurasa mia na kitu.

ZUWENA: Kurasa zipi? Hesabu ile ni ya ukurasa ambao kila rangi inafunika kama asilimia 5 tu ya karatasi. Weye ulichapa nini?

KHAMIS: Kadi za harusi. Mawaridi pembe zote nne, na rangi nyuma yake ukurasa mzima.

ZUWENA: Yaa Rabbi.

KHAMIS: Tena iliyokwisha ilikuwa manjano peke yake. Majani yote yakatoka buluu. Bibi harusi akaniuliza, "Maua haya yameota baharini?"

ZUWENA: Kijani ni buluu na manjano, manjano ikiondoka, inabaki buluu. Na katriji yako ni ile ya vyumba vitatu. Kimoja kikikauka, unatupa na vyengine vina wino.

KHAMIS: Nilitupa huku roho inaniuma.

ZUWENA: Si weye peke yako. Indonesia watu walikuwa wakiunga mirija na chupa za wino kwa nje, printa ziko kama mgonjwa na dripu. Mwaka 2010 kampuni ya Epson wakatoa hukohuko printa yenye matangi yake tokea kiwandani. Kila rangi na tangi lake, wino unamimina wa chupa. Kuinunua ni ghali zaidi, lakini anayechapa kila wiki inamlipa.

KHAMIS: Na anayechapa mara moja kwa mwezi?

ZUWENA: Achukue flashi yake aende steshenari. Wallahi sitanii. Printa ya wino haipendi kukaa bure. Vitundu vyake ni vyembamba kuliko unywele, wino unakaukia mdomoni. Ukiiamrisha ijisafishe, inajisafisha kwa wino uleule unaouonea uchungu.

KHAMIS: Yangu naizima ukutani nikimaliza.

ZUWENA: Ah! Bonyeza kitufe chake kwanza. Kile kichwa kinachotoa wino kinarudi pembeni, kinajifunika. Ukikata ukutani kinaweza kubaki wazi, kinapigwa na upepo. Hata umeme ukikatika katikati ya ukurasa, ukirudi iwashe, iache irudi mahali pake, ndipo uizime. Na masika karatasi zifunikwe; zikinyonya unyevu zinajikunja, zinaingia mbili mbili.

KHAMIS: Dada, kusema kweli haijawashwa tangu Ramadhani.

ZUWENA: Itoe katriji ya rangi. Chini ina kibati chenye vitundu. Lowesha tishu kwa maji ya vuguvugu, ikunje, ikalishe katriji juu yake dakika chache. Ukiinyanyua uone mistari mitatu: buluu, pinki, manjano.

KHAMIS: Nilishafanya jana. Nimeona miwili.

ZUWENA: Manjano tena?

KHAMIS: Manjano tena.

ZUWENA: Basi hiyo chapia picha za bahari.